Medellín Inaanzia ku Reli ya Tram

Daktari njo alianzisha mambo yote. Alibonyeza mugulu yangu ya kushoto, akatikisa kichwa: "Madame Mbombo, avion hapana. Damu itaganda, utafia mu hewa." Nikamuambia merci, nikatoka, na kufika inje nikaanza kucheka peke yangu. Bantu ba ku arrêt ya bus balifikiri nimepata kazi.

Muelewe vizuri. Mimi njo shangazi ya Chloé. Kaka yangu Ngoy, papa yake, alifia hapa Brussels, na mbele ya kufa alinishika mukono akaniapisha: "Mbombo, mutoto yangu asiolewe mu muji yenye haujaona na macho yako." Mu famille yetu shangazi njo anaendaka kuona. Anaona muji, anakula chakula yao, anaona mama mukwe, kisha anasema neno. Akisema, ndoa iko. Akinyamaza, ndoa hakuna, na hakuna muntu wa kumulazimisha. Sasa Chloé, mwenye nililea tangu iko na miaka kumi, njo akaenda kupenda Wilmar, kijana wa Medellín, kule Colombie, na banataka kwenda kukaa kule mu septembre. Bijana balikwisha hapa Ixelles? Hata Liège balikwisha?

"Bon," nikamuambia Chloé. "Avion hapana, donc kuona hapana, donc neno hapana. Pole, mama."

Sikuwa na pole hata kidogo. Ile jioni nilijipikia samaki.

Chloé alininunia siku tatu. Siku ya ine akaja na Wilmar. Huyu Wilmar, Chloé alimufundisha Kiswahili yetu, anaiongea polepole sana, lakini haachake neno njiani. Akakaa, akasafisha koo.

"Tante, mu avril, siku ya présentation, ya kujitambulisha ku famille, nani alikaa ku kiti ya papa Ngoy?"

"Tonton Constant."

"Ile siku alikuwa tonton Constant, ao alikuwa papa Ngoy?"

Hapo nikaona shimo, lakini mugulu moja ilikuwa imeisha kuingia. Kwetu papa akiwa amekufa, ndugu anakalia kiti yake, na ile siku yeye njo papa. Haiko mchezo. Constant, mwenye hata kupika yai hajue, ile siku alipokea vinywaji bya papa, akatoa baraka ya papa, na Wilmar akamupigia magoti mbele ya bantu makumi munane. Nikisema alikuwa Constant tu, présentation yote inaanguka na sisi sote tunakuwa bawongo.

"Alikuwa Ngoy," nikasema.

"Basi," Wilmar akasema, "wewe hauwezi kwenda Medellín. Kuko fasi ya hapa karibu itakalia kiti ya Medellín."

"Fasi gani?"

Akaonyesha dirisha. "Ile trottoir ya ngambo ya barabara."

Nilimuangalia Chloé nione kama anacheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa na macho ya kaka yangu, yale ya mwisho. Nikasema bon, nitaenda.

Siku ya jumamosi, saa ine ya asubuhi, Constant akafika na costume, suti kabisa, na cravate, juu yeye njo musemaji wa délégation. Kwanza ilikuwa safari. Avion ilikuwa ascenseur, lift ya immeuble yetu, juu daktari alikataza avion, hakukataza ascenseur. Constant akanifunga na mukanda yake ku kiti yenye baliweka ndani, Chloé akanipa jus na serviette, na tukashuka étages tatu za gorofa. Nilishika mugulu njia yote. Kwa kweli, pale étage ya pili ilitikisika kidogo, nikasali.

Nyumba yetu iko ku njia yenye kushuka mpaka ku Flagey, tram inapita katikati. Medellín ilianzia ku reli. Wilmar alikuwa ameweka meza ndogo ngambo ya pili, na kofia ya afisa wa mupaka, na cachet, ile muhuri ya passeport. Akafungua passeport yangu, akauliza nimekuja kufanya nini.

"Kukataa," nikamujibu.

Akapiga cachet. Nyuma yetu polisi mumoja akaja kuuliza nani alituruhusu kuweka meza pale. Constant akamuomba passeport. Polisi akaangalia costume ya Constant, akaangalia kofia ya Wilmar, akasema atarudia, na akarudi zake Belgique.

Constant akarudisha saa yake nyuma masaa saba na mara moja akaanza kupiga miayo. "Huku ni usiku," akasema. "Heshimu inchi ya bantu, Mbombo." Jua ilikuwa inatuchoma kichwa. Huyu mwanaume, Mungu ananiona, siku moja nitamupiga.

Mbele ya yote Wilmar alituonyesha place, uwanja ya sanamu. Anasema kule Medellín kuko place moja yenye kujaa sanamu za bantu banene, banene kabisa, ba shaba, na bantu banatoka mbali kuja kubaangalia. Pale mbele ya duka ya biatu balikuwa batatu, bamepakwa rangi ya brune kama shaba mpaka ku masikio, bamesimama bila kutikisika. Nikakaribia.

"Huyu ni maman Hadassa wa chorale ya kanisa."

"Ni sanamu," Constant akasema.

"Constant, huyu ni maman Hadassa, ananifungaka nywele!"

"Mbombo, umekubali bintu bya kiti, ao haukukubali?"

Nikazunguka sanamu mara mbili, nikitafuta kosa. Sanamu ikaniuliza pole-pole, bila kufungua meno, kama mugulu inaendelea je. Sikujibu. Siongeake na sanamu, mimi niko muntu wa heshima.

Kisha balinipandisha ku milima. Wilmar anasema kule kuko vyumba bidogo byenye kutembea ku kamba, juu ya manyumba, binapandisha bantu banaoishi juu kabisa. Hapa ilikuwa lift ya déménagement, ile ngazi ndefu yenye kupandishaka ma-canapé ku madirisha. Balinikalisha na kiti yangu, na mukanda ya Constant, na nikapanda. Nilikuwa nimefunga macho. Kuyafungua, nilikuwa ku kimo ya étage ya tatu na naona milima yote ya Medellín, na mbele yangu, mètres kumi tu, balcon yangu. Nguo zangu ziko ku kamba. Mashuka yangu meupe, na ile robe ya mazishi ya Ngoy yenye nafuaka mukono tu.

Na mvua ikaanza.

"Chloé!" nikapiga kelele. "Chloé, nguo! Kimbia, toa nguo!"

Chloé akainua kichwa kule chini. "Tante, tuko Medellín! Kwenda Brussels ni masaa kumi na moja na avion!"

Mama wee. Jirani yangu Élodie akatoka ku balcon yake, iko bega kwa bega na yangu, kama angenyoosha mukono angeweza kuzikamata zote. Nikafungua mudomo nimuite. Lakini namuita je? Niko mbali. Muntu wa mbali hawezi kutoa nguo ku kamba, anaweza kuzifikiria tu. Nikakaa juu kule na nikaona robe inalowana, na hasira ikanipanda mpaka machozi. Nikajiuliza kama hivi njo bazazi banaishi wakati batoto bako ngambo ya bahari. Nikaifukuza ile mawazo. Nikapiga kelele banishushe.

Chakula ilikuwa kwa mama ya Wilmar, mu cour, uwanja ndogo nyuma ya salle ya kanisa. Mama mwenyewe iko Medellín ya kweli, donc Doña Lina alikalia kiti yake. Ni maman mufupi wa kule-kule, anasafishaka ma-bureau hapa Brussels tangu miaka kumi na kenda, anaishi peke yake, na ile siku alivaa robe ya njano na hakucheka na muntu. Akatupakulia: maharagi, mchele, ndizi ya kukaanga, avocat, nyama ya nguruwe na ngozi yake, yai juu, na kimukate ya mahindi, ya mviringo.

Mimi nilikuja na njaa ya kukosoa. Nikaonja maharagi, nikatafuta kosa. Nikaonja ndizi. Ile kimukate, niseme nini, ni bukari, ugali yetu, yenye bamelaza chini bakaichoma. Nilimaliza sahani yote nikitafuta kosa.

Bon, nikafuta mudomo na nikatoa swali yenye nilichunga tangu asubuhi. Kila shangazi iko na yake, na hii ilikuwa ya kufunga mulango. Nikamuambia Wilmar atafsiri bila kuongeza chumvi.

"Mama, siku mutoto yangu atalia huku kwenu, atalilia kwa nani?"

Nilijua atasema "kwangu". Bote banasemaka hivyo. Ningemujibu kwamba maneno ni rahisi, na ningekunja serviette, na ningenyamaza.

Doña Lina hakusema hivyo. Akaweka kijiko chini, akaongea muda murefu na sauti ya chini. Wilmar akasikiliza, akaanza kuangalia meza.

"Tafsiri," nikamuambia.

"Anasema... Anasema, 'Mimi nilitangulia kutuma mutoto yangu kule kwenu. Alikuwa na miaka makumi mbili na mbili, na manteau ya kuazima. Alipofika Brussels, na ile baridi, alilia kwa nani? Wewe mama wa kule, nani alimufunguliaka mulango?'"

Hata maman Hadassa, mwenye aliacha kuwa sanamu juu ya kula, alisimamisha kutafuna.

Nilijua mulango gani. Mara ya kwanza Wilmar kuja kwangu, décembre, alileta sanduku ya mikate alioka yeye mwenyewe. Nilimuona mu kitundu cha mulango. Nikamuacha ku ngazi ya escalier karibu saa nzima, mimi nimesimama nyuma ya mulango, nimenyamaza, nikisikia anapiga-piga biatu juu ya baridi. Aliondoka, akaacha sanduku chini. Niliitupa. Chloé hajue. Sikuambiaka muntu.

Ningeweza kusema uwongo. Ni Doña Lina tu, ni femme de ménage, wa kusafisha, si mama yake. Lakini alikuwa ku kiti.

"Sikumufungulia," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Nilikuwa nyuma ya mulango, mama. Nilimusikia. Nisamehe."

Wilmar hakutafsiri. Ikabidi Chloé njo atafsiri. Doña Lina akaniangalia. Akasimama, akaenda ku réchaud, akarudi na yai ya pili, akaiweka ku sahani yangu.

"Come," akasema, 'kula' mu Kihispania, na akanisukumia kijiko. Hapo sikuhitaji mutafsiri. Nikakula na machozi, haya ikinichoma, na hakuna muntu mwenye alicheka.

Kufika saa kumi na moja ya mangaribi Constant akasimama, akafunga bouton ya costume. "Délégation imeona muji, imeona milima, imeona sanamu, imekula. Shangazi, neno yako?"

Nikafungua mudomo, neno ikakataa kutoka. Nikamuangalia Chloé, mutoto yangu ule, nikaona nikisema, imekwisha. "Nitaisema nikifika kwangu," nikasema.

"Basi délégation inarudia," Constant akasema. "Mutoto anabakia. Njo vile inafanyikaka."

Nilikuwa nimesahau. Ndiyo, njo vile: bageni banaenda, binti anabakia kwa bale ba kule usiku moja. Wilmar akapiga cachet ya kutoka. Chloé akanisindikiza mpaka ku reli, akasimama pale, hakuvuka. Nilivuka na Constant. Tram ikapita nyuma yetu, ndefu, na kisha nikageuka na alikuwa angali pale, mudogo, ananipungia mukono. Mètres kumi. Nilitaka kurudia kumufunga manteau vizuri. Hakukuwa avion.

Nilipanda peke yangu. Nikavua biatu, nikakaa mu kiti karibu na dirisha, na téléphone ikalia. Nilikuwa namuona akiishika ku sikio, kule chini.

"Tante, ulifika?"

"Nilifika, mama."

"Safari ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa murefu."

Nilisikia pumzi yake. Alikuwa anangojea neno, na mimi nilikuwa naishika na meno, mutoto wa Ngoy, mutoto yangu, kitu yenye nilibakia nayo mu hii inchi.

"Na kule kwako," nikamuuliza, "habari?"

Nikamuona anashika mudomo na mukono: neno aliisikia. Wilmar alikuwa karibu yake, hajaelewa bado, anamuuliza nini, nini.

"Nzuri, tante," akasema. "Kwangu kuko muzuri."