Damu Imesema, Picha Zimenyamaza

Mwaka wa tatu tangu akatwe titi la kushoto, fundi wa sare za shule aliendelea kwenda kliniki kila baada ya miezi minne kutolewa damu. Kipimo kilikuwa kipya: kinatafuta chembe za saratani damuni kabla uvimbe haujaonekana. Siku zote jibu lilikuwa "hakuna kitu." Safari hii daktari alifunga mlango kwanza.

"Mama, damu imeonyesha chembe. Chache sana, lakini zipo."

"Zipo wapi?"

"Hapo ndipo hatujui."

Akapigwa picha za kifua, ini na mifupa. Zote safi. Alirudi kusikiliza majibu pamoja na mdogo wake, mwalimu wa hesabu, na daktari akasema watarudia picha baada ya miezi mitatu.

"Na dawa?" fundi akauliza.

"Dawa kali kwa kitu nisichokiona? Naweza kukuumiza bure. Hatujapata ushahidi kwamba kuanza mapema hivi kunasaidia."

"Yaani mnaniambia mwizi yumo ndani, halafu mnaniambia nikalale!"

Daktari alivua miwani, akaiweka mezani.

"Subira, dada," mdogo wake akanong'ona.

"Subira nimeivaa miaka mitatu, imechanika magoti."

Nyumbani mumewe alifurahi. "Picha si safi? Basi, mshukuru Mungu." Fundi alimtazama mpaka mzee wa watu akachukua redio yake akahamia barazani.

Kazini mambo yaliharibika. Alishonea kola kwenye mkono wa shati. Kila saa vidole vilipanda kwapani, vikabonyeza. Mzazi mmoja aliyeleta bintiye akauliza, "Fundi, unampima mtoto au unajipima wewe?" Wakacheka wote, naye akacheka, kisha akaingia stoo akalia kwa hasira akiwa amekumbatia jora la kitambaa.

Wiki ya sita mgongo ukaanza kuuma. Alipiga simu kliniki. Karani wa mapokezi akamwambia, "Tarehe yako bado, mama."

"Mgongo wangu haujui tarehe."

Akaenda, akakaa kwenye benchi kuanzia asubuhi, akakataa kuondoka hata alipoambiwa daktari yuko wodini. Saa nane daktari akatokea, akamsikiliza palepale kwenye ujia, akaandika apigwe picha haraka.

Safari hii kitu kilionekana: doa dogo kwenye pingili ya mgongo. Wakachukua kipande, wakakipima. Ilikuwa saratani ile ile.

Fundi alivuta pumzi, na kwa aibu akagundua kwamba moyo umepata nafuu. Angalau sasa adui ana mahali. Kisha hasira ikarudi.

"Tumeiwahi?"

"Tumeiona ikiwa ndogo," daktari akasema. "Kama tumeiwahi, sitakudanganya, sijui."

Alipewa vidonge na tarehe ya mionzi. Cha kwanza alikimeza mbele ya dirisha la dawa, bila kusubiri kufika nyumbani. Mdogo wake, aliyemsindikiza, akaanza, "Pole, da—"

"Usinipe pole. Nisomee hiyo karatasi, cha pili nameza saa ngapi?"