Mashine Iliyonipa Mji

Nakutegea kitendawili, na ukishindwa unipe mji: nyumbani kwangu yupo msomi asiyekula wala kulala, na kila ukimuuliza ana jibu. Basi, mji ni wangu. Ni mashine anayoifundisha akili mjukuu wangu. Ndiyo kazi yake, na wakubwa wake wamemwambia ikizidi kuzua majibu, mashine na mwalimu wote nje.

"Mke mwenzangu," nilimuuliza mjukuu wangu kwa utani wetu, "ikikupita akili utaishika kwa kitu gani?"

Akaendelea kumenya vitunguu.

Nikaitegea mashine kitendawili cha kutunga mwenyewe: "Asubuhi namgombeza, jioni namsubiri mlangoni."

"Jua," ikasema. Nikakataa. "Paka." Nikakataa. Yote iliyasema kwa sauti ya hakimu.

"Huyu hajui kushindwa," nikasema.

"Ndiyo inayoninyima usingizi hiyo, bibi," akasema mjukuu wangu.

Akaifundisha wiki nzima. Jana nikakirudia. Safari hii mashine haikukisia.

"Sijui, bibi. Chukua mji, unifundishe."

"Ni huyu mwalimu wako," nikaiambia.

Mjukuu wangu akacheka mpaka akafuta machozi. "Uliniuliza nitaishika kwa kitu gani," akasema. "Kwa hilo, bibi. Hata ikitupita wote, iwe inajua kusema sijui, halafu ituulize."