Majirani Nane

Ogada ameniharibia miaka miwili kwa sabuni ya kuoshea vyombo, na nasema hivyo bila kumung'unya maneno.

Yeye ndiye fundi wa maabara ya chuo chetu hapa Kericho. Kabla ya hapo alikaa kiwanda cha majani ya chai miaka kumi na minne, na huko zamu ikiisha mashine hufunguliwa zikaoshwa, jani la leo lisioze ndani. Basi akatuletea sheria hiyo hiyo: Ijumaa saa kumi, hakuna kifaa kinacholala kichafu.

Kifaa changu ni kibanio kidogo, kinaenea kiganjani, nilichochongesha kwa fundi wa jua kali. Ndani yake kulikuwa na punje ya chumvi ya potasi, ile ile ya mbolea, imebanwa kati ya ncha mbili za almasi. Kwa kawaida kila chembe ya chumvi hiyo ina majirani sita. Ukiikandamiza mara elfu ishirini na tano kuliko hewa inavyotukandamiza sisi, chembe zinajipanga upya, kila moja inapata majirani nane. Ukilegeza skrubu tu, zinarudi kwa sita kana kwamba hakujatokea kitu. Jumatatu ningekipeleka kibanio Nairobi, eksirei iwaonyeshe hao nane. Hiyo ndiyo digrii yangu. Zamu nyingine ya eksirei ni mwaka ujao, na ufadhili wangu unaisha Desemba.

Ijumaa nilienda kula. Niliporudi saa kumi na nusu nikakuta kibanio kiko wazi juu ya taulo, skrubu zimepangwa kwa ukubwa, almasi zinang'aa. Kibamba cha chuma kinachoshikilia punje kilikuwa kimeraruka, na kutoboa kingine ni kazi ya wiki nzima.

Nikawaka. Mbele ya Yunia wa stoo nilimwambia ni mjinga, angebaki kiwandani na majani yake, na nitahakikisha amefutwa kazi. Ogada anafuta mikono tu. Akanionyesha kichupa chenye jina langu, ati chumvi haijapotea, ameikwangua yote kwa sindano. Lo! Nikamwambia chumvi hiyo sasa haina tofauti na ya gunia la mbolea, ilikuwa na maana ikiwa imebanwa tu.

"Madam Mokeira, nilikuuliza mara tatu kuna nini ndani," akasema. "Mara ya mwisho uliniambia masomo yangu hayafiki huko. Kwamba hakilegezwi, nasikia leo."

Yunia alinitazama, akingoja nikatae. Sikuweza.

Sasa niko na fomu ya malalamiko mezani. Swali la nne linauliza kama mhusika alikuwa amepewa maelekezo kuhusu kifaa hicho. Nimeandika ndiyo, nikafuta. Nimeandika tena, nikafuta tena, mpaka karatasi imetoboka. Na bado namchukia.