Pumzi ya Saa Nane

Maji ya bomba yalikuwa yamelala ndooni usiku kucha na asubuhi nzima, jani kavu la mti wa mkungu likielea juu yake, ndipo Ngatini alipoyamimina kikombe kwa kikombe ndani ya tangi la kioo lililokuwa sebuleni. Hivyo ndivyo mumewe, Paimin, alivyomfundisha: maji yasipolala, dawa iliyomo huwaunguza gapi matamvua. Gapi ni samaki wadogo, hawazidi kidole cha mwisho. Madume wa Paimin walikuwa na mikia myeusi yenye ukingo wa dhahabu, na katika mji mzima wa Tulungagung hapakuwa na mwingine aliyeweza kuizalisha. Alikuwa amewachagua kizazi baada ya kizazi kwa miaka kumi na mmoja. Siku hiyo ilikuwa ya arobaini na moja tangu azikwe.

Saa nane kasoro robo mchana, umeme ukakatika. Pampu ya hewa ikanyamaza. Gapi wakaanza kupanda juu mmoja mmoja, wakipanua vinywa usoni pa maji. Ngatini akayakoroga maji kwa kijiko, taratibu, lakini wawili walikuwa wameshalala ubavu.

Saa nane kamili king'ora cha kiwanda cha mabati ya asbesto kikalia kubadilisha zamu. Paimin akaingia kwa mlango wa jikoni kama alivyozoea akitoka kazini, akavua viatu, akavuta kigoda cha plastiki, akauchomoa mpira kwenye pampu na kuutia mdomoni. Akapuliza. Mapovu membamba yakapanda kutoka kwenye changarawe, mfululizo.

"Umekula?" Ngatini akamuuliza.

Akatikisa kichwa. Hakuweza kuuachia mpira.

Suparmi, jirani anayeuza tempe za kukaanga, vile vipande vya soya iliyochachuka, akachungulia dirishani. "Shemeji! Mwaka jana ngazi tatu za msikiti zilikushinda, leo unapuliza kama mfua chuma?"

Paimin akacheka, mapovu yakatetemeka.

"Usimchekeshe, wewe," Ngatini akasema. "Samaki watakosa hewa."

"Haya, nimenyamaza. Ila akimaliza hapo, Ngatini, mlete na kwangu. Jiko limegoma kuwaka."

Umeme uliporudi alasiri, Paimin alivaa viatu akaondoka. Msimu ule umeme wa mtaa ulikatika karibu kila mchana, na kila ulipokatika alikuja.

Nyuma ya sikio lake la kulia palikuwa na sigara moja ya karafuu, haijawashwa. Paimin hakuwahi kuvuta sigara. Lakini katika kila hitima sigara hupitishwa ndani ya bilauri, na kukataa ni kumvunjia heshima mwenye nyumba. Kwa hiyo alikuwa akichukua moja, akiichomeka nyuma ya sikio na kumpelekea baba mkwe wake. Siku alipokwenda zahanati ya kiwanda na kikohozi chake, alikuwa ametoka hitimani moja kwa moja. Daktari alilitazama sikio, akaandika: mvutaji. Paimin, ambaye hakupenda kumsahihisha msomi, alisema asante. Neno hilo la daktari ndilo lililonakiliwa kwenye cheti cha kifo kilichokuwa kabatini, na kwa sababu yake kiwanda kilisema hakihusiki na kifo hicho.

Wiki ya pili Ngatini alikamua sponji la tangi akaona maji ya ndoo yamekuwa meupe, yana nyuzi zinazometameta. Aliyachuja kwa kitambaa, akaanika, akakung'utia ndani ya chupa ya achari. Mwezi ulipoisha chupa ilikuwa imejaa hadi nusu. Akavaa baibui lake zuri, akaipeleka kiwandani kwa Bwana Hendarto wa ofisi ya ustawi wa wafanyakazi.

"Hiki nini, mama?"

"Kifua cha mume wangu."

Hendarto alichota kidogo kwa ncha ya kalamu, akakielekeza dirishani. "Ni chetu," akasema. "Nyuzi za mtambo wa tatu. Nazijua, hata kwenye chai yangu huziona. Huwa anakuja saa ngapi?"

"Saa nane. Umeme ukikatika."

Akaandika. "Tatizo ni tarehe, mama. Marehemu aliacha kazi Machi. Vumbi hili limetoka Mei."

"Alilivuta akiwa kazini."

"Sikatai. Lakini amelitoa akiwa si mwajiriwa."

Kisha akamwomba atie sahihi kwenye fomu ya kurejesha mali ya kiwanda, akaifungia chupa kabatini. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa pampu mpya ya betri, yenye nembo ya kiwanda, ili Bwana Paimin apumzike. Ngatini akasema asante. Alikuwa ameshalipita lango alipotambua neno lililomtoka, na kwamba ni lilelile Paimin alilomwambia daktari.

Kesho yake umeme ulikatika, pampu ikaendelea kunguruma. Paimin aliingia, akavua viatu, akavuta kigoda, akaona mpira una kazi. Akaweka mikono magotini.

"Sijui hata nishike nini," akasema.

Siku ya pili alikaa kizingitini bila kuvua viatu. Siku ya tatu king'ora kililia na hakuna aliyeingia. Samaki walikuwa wazima. Jike mmoja alizaa vitoto ishirini na vitatu. Ngatini akavihamishia kwenye bakuli lenye majani ili mama yao asivile, akageuka kumwonyesha mtu, sebule ilikuwa tupu.

Siku ya nne, saa nane kasoro dakika tano, Ngatini alichomoa betri za pampu. Umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri. Gapi wakapanda juu, wakapanua vinywa.

"Vumilieni kidogo," akawaambia. "Baba yenu anakuja."

King'ora kikalia. Mlango wa jikoni ukafunguka. Paimin akavua viatu, akaketi, akaupokea mpira kutoka mikononi mwa mkewe, akapuliza. Ngatini alisimama nyuma yake mpaka mapovu yalipotulia, kisha akaichukua ile sigara nyuma ya sikio, akaitupa kwenye makaa ya jiko.

Kesho yake saa nane, sigara ilikuwa palepale nyuma ya sikio, nzima, haijawashwa. Akaitoa tena.