Krediti Tatu za Bure

Jumatatu asubuhi mkuu wa idara aliniita ofisini kwake kunipa habari njema, nami nikatoka mle nimenuna kama mtu aliyetukanwa.

Habari yenyewe ni hii. Kamati ilikuwa imekaa, ikapitia stashahada yangu ya uuguzi na miaka yangu yote ya wodi ya wazazi, ikaona kwamba sina haja ya kusoma somo la Mawasiliano na Mgonjwa. Nimepewa krediti zake tatu bure. Na kwa kuwa hizo tatu ndizo pekee zilizokuwa zimebaki, basi shahada yangu imetimia, hata kama muhula ndiyo kwanza umeanza. Niende nyumbani nikapumzike, nisubiri mahafali. Akanipa mkono wa pongezi. Niliuachia upesi.

Kwa asiyejua mambo ya chuo, krediti moja ni saa moja ya kukaa darasani kila wiki, muhula mzima, na saa nyingine mbili za kujisomea mwenyewe. Ukiwa na somo la krediti tatu, hesabu saa tisa za wiki yako zimekwenda. Wenzangu darasani, ambao wote ningeweza kuwazaa, wanalia na hizo saa. Hata mimi mwaka wa kwanza nililia nazo. Natoka kazini, nakimbilia chuo, nafika nyumbani nimechoka hoi, halafu nafungua kitabu. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno mengi, na alikuwa akilalamika kwa majirani kwamba chuo kimempora mke. Yeye ndiye aliyenisukuma niombe kupunguziwa masomo. Alisema nimezalisha watu mpaka walionizoea wananiletea binti zao, leo nikafundishwe kuzungumza na mgonjwa? Niombe, tupate jioni zetu.

Nikaomba. Kamati ikalala usingizi wa pono. Mume wangu akaugua, akafa, tukamzika, mimi nikastaafu, nikarudi chuoni, ndipo kamati ikaamka na kunirudishia jioni zangu. Sasa nizipeleke wapi?

Maana nyumba yangu ni vyumba viwili na cherehani iliyofunikwa shuka. Nikiingia nawasha redio, isome bei za mazao, isome vifo, mradi kuna sauti. Mwanangu yuko ng'ambo na hupiga simu kila Jumapili. Ananiuliza kama nimekula, namjibu nimekula, anafurahi, anakata. Kuna siku natoka dukani nagundua kwamba "asante" niliyomwambia muuzaji ndilo neno langu la kwanza tangu asubuhi. Lakini katika somo lile, siku chache nilizowahi kulihudhuria kabla ya kamati kuamka, tulikuwa tunakaa wawili wawili, mmoja muuguzi na mmoja mgonjwa, tunaulizana hali. Mwenzangu alikuwa binti tuliyemwita Haraka kwa jinsi anavyomeza maneno. Yeye aliniita Mama Wodi. Nililipenda somo lile, na sioni haya kusema.

Basi Jumanne nikapiga moyo konde, nikarudi kwa mkuu wa idara kumwomba achukue krediti zake. Alicheka, akidhani nafanya mzaha, kisha akaona uso wangu.

"Mama, watu wanakuja hapa kunililia wapewe," alisema. "Wewe unarudisha?"

Alinieleza kwa upole, si mtu mbaya. Krediti ikishaingia haitoki, na somo moja haliwezi kuhesabiwa mara mbili. Kama nataka kukaa darasani nikae, ila nitakuwa msikilizaji tu. Sitakuwa na mahudhurio, wala mtihani, wala alama, wala mwenzangu wa mazoezi, kwa sababu Haraka ameshapangiwa mwingine. Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba naogopa nyumba yangu. Mwanamke mzima, niliyewahi kuwafokea madaktari mbele za watu, nikakaa pale nachezea mkanda wa mkoba.

Akaniuliza kama kumaliza mapema si ndicho nilichokuwa nimeomba. Nikamwambia ndicho.

Jumatano nikaenda hivyo hivyo, msikilizaji. Nikakaa nyuma kabisa. Siku hiyo zoezi lilikuwa la alama: kuzungumza na mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji na anayeruhusiwa kurudi nyumbani. Yule mwenzake mpya aliyepangiwa Haraka hakutokea, na binti wa watu alisimama mbele peke yake. Mhadhiri akatupa macho darasani, akaniona, akaniomba niwasaidie kuwa mgonjwa. Nilinyanyuka kabla hajamaliza kusema. Akaniambia nijibu vyovyote nipendavyo, mradi nikumbuke nina kidonda tumboni.

Haraka alianza vizuri. Aliniuliza maumivu yakoje, nikamwambia yanavumilika. Aliniuliza kama nimekula, nikatia chumvi kidogo kuhusu uji wa hospitali, wakacheka. Kisha akaangalia karatasi yake.

"Nyumbani unaishi na nani?"

Nilikuwa na jibu la kuigiza mdomoni. Likatoka jingine.

"Sina mtu. Mume wangu amefariki. Nikishafunga mlango, ndiyo basi mpaka kesho."

Haraka alikuwa hamtazami mgonjwa tena, alikuwa ananitazama mimi, na macho yamemjaa machozi. Swali lililofuata halikuja. Mhadhiri akasubiri, akamkumbusha taratibu kwamba muda unakwenda na hizi ni alama za muhula, akamuuliza kama angependa kurudia kuanzia pale. Binti akatikisa kichwa kukubali. Nikamwonea huruma. Mimi krediti zangu ninazo, zake bado.

Akajifuta macho kwa kiganja, akauliza upya.

"Nyumbani unaishi na nani?"

"Na mume wangu."

Akashusha pumzi, na maneno yakamrudia. Akaniuliza nani atanikumbusha dawa, nikasema yeye. Akaniuliza kama kuna wa kunisaidia kuoga siku za mwanzo ili kidonda kisilowe, nikasema yupo, ingawa atanung'unika. Wakacheka tena. Mhadhiri alikuwa anaandika, amependezwa.

"Na leo nani anakuja kukuchukua?"

"Yeye," nikasema. "Yuko njiani."