Bega la Kulia la Dobi

Jumamosi, tarehe 14 Machi 2015, saa tisa na dakika kumi alasiri, manyunyu yakitiririka juu ya vioo vya ukumbi wa wafanyakazi wa hospitali, mtunza stoo alikaza kamba za viatu vyake mara mbili, kama alivyofunzwa bwenini akiwa na miaka kumi na mitatu. Ng'ambo ya meza alisimama dobi wa hospitali, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, akijikanda bega la kulia. Mshindi ndiye angeiwakilisha hospitali katika mashindano ya mpira wa meza. Nafasi ilikuwa moja, na kwa dobi, aliyebakiza miezi mitatu kustaafu, ilikuwa ya mwisho.

"Bwana Bweni," dobi alimchokoza, "umekuja kucheza au kukagua vitanda?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Jina hilo alijitakia mwenyewe, kwa kutochoka kusimulia kikombe alichotwaa shuleni.

Mwaka uliotangulia, jina lilimkera. Kila mapumziko ya mchana dobi alimpelekea mpira kushoto, ambako mkono wake ulikuwa mzito kama gogo, naye akihangaika kuuzunguka ili apige kwa kulia. Alifungwa miezi minne mfululizo. Siku moja uzalendo ukamshinda.

"Mama, mbona unanionea? Upande wa kulia huuoni?"

"Wa kulia unaujua, mwanangu. Nikupigie huko ujifunze nini? Ukitaka sifa, kacheze na kioo."

Yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Tangu hapo aliacha kuhesabu mechi, akahesabu mipira ya kushoto: mia moja kila asubuhi, kwenye ukuta wa stoo, katikati ya maboksi ya glavu. Kikombe cha shuleni hakukitaja tena.

Sasa ilikuwa seti ya tano, kumi kwa tisa, yeye akiongoza na kubakiza pointi moja tu ashinde. Miaka thelathini ya kukamua mashuka ilikuwa imelila bega la dobi. Mpira wa juu upande huo hakuweza kuufikia. Wote walijua. Mtunza stoo alikuwa ameukwepa upande huo mchezo mzima.

Dobi aliushika mpira, asiuanzishe.

"Unalikimbia bega langu."

"Linakuuma, mama."

"Linaniuma mimi, wewe linakuhusu nini? Mwaka mzima sikukuhurumia hata siku moja. Leo ndiyo unataka kunidhalilisha?"

Uso ulimshuka mtunza stoo. Alichokiita heshima kilikuwa majivuno yale yale ya bwenini, yamevaa shati safi.

Dobi akaanzisha: kushoto, kama kawaida. Mkono wa mtunza stoo haukusita. Mpira ukapaa, ukaangukia ukingoni na kuruka juu ya bega la kulia. Dobi akajinyoosha, akakunja uso. Kibao kikaukosa kwa upana wa kidole.

Mtunza stoo alizunguka meza, akaupokea mkono wa dobi kwa mikono miwili, akainama.

"Ahsante, mama. Kwa kila mpira wa kushoto."

"Umelipa, hatudaiani," alisema dobi, akimrushia taulo. "Ila Jumatatu mchana usichelewe. Bega hili nalo linataka kufundishwa."