Upana wa Dohani

Mwaka tuliohamishiwa kijiji kipya nilipewa kiwanja cha mwisho katika mstari wa tatu, upande unaopigwa na upepo. Mke wangu, Kristiana, tulikuwa tumemzika miaka miwili kabla, kwa hiyo yeye alibaki kule kwenye mahame, kijiji tulichokihama. Nilijenga nyumba ya vyumba viwili nikaishi peke yangu.

Mwezi wa tano binti yangu Adela aliniandikia kutoka Matai, ambako mumewe, Lutengano, alikuwa karani. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wakamwita Kristiana. "Mama angekuwapo ningekuja kupumzika nyumbani," aliandika. "Kwako pana joto, baba?"

Nilimjibu kwamba pana joto. Halikuwapo, basi ikanibidi nilitengeneze.

Nilianza kujenga jiko la ukutani, lenye dohani ya kupandisha moshi hadi juu ya paa. Sikujua dohani inatakiwa iwe na upana gani, wala hapakuwa na wa kumuuliza. Kitu pekee nilichokijua kinachojivutia upepo chenyewe ni ilungu la baba yangu, tanuri la udongo refu kuliko mtu, alilokuwa akiyeyushia chuma bila mivukuto. Mdomo wake wa juu ulikuwa mpana. Nikasema moyoni, moshi unapenda njia pana. Mdomo wa jiko niliupa shibiri nne kwa tatu, na dohani shibiri mbili kila upande.

Jirani yangu Fransisko alikuja kuangalia.

"Mzee Zenon, unampokea mjukuu au unafua majembe?"

"Nampokea mjukuu."

"Haya. Maana kwa shimo hilo hata ng'ombe atapita."

Adela alifika kwa lori la ushirika. Aliniamkia, nikaitika, nikampokea mtoto. Alikuwa mwepesi sana. Kisha nikawasha moto, na moshi wote ukarudi chumbani.

Siku ya kwanza tulisema kuni ni mbichi. Siku ya pili tulifungua mlango, baridi ikaingia. Siku ya tatu mtoto alikohoa tangu asubuhi, macho yake yamevimba. Fransisko alipiga kelele kutoka uani kwake: "Serikali imetuleta hapa tukae karibu, wewe unatutawanya kwa moshi!" Adela alicheka kidogo, halafu akaanza kukunja nepi.

"Baba, mtoto akiugua watanilaumu mimi."

"Najua."

"Si kwamba sitaki kukaa."

"Najua, mwanangu."

Lori lilipita saa nane. Nilibeba kikapu chake hadi barabarani.

Kesho yake niliingiza mkono ndani ya dohani bila kuwasha moto. Upepo wa baridi ulikuwa unashuka. Niliuacha mkono pale muda mrefu. Halafu nilichukua fimbo yangu, nikatembea hadi kwenye mahame, nikasimama kwanza kaburini, kisha nikaenda kulitazama ilungu. Lilikuwa bado wima kwenye majani. Nilipapasa kuta zake kwa ndani. Vipande vya makaa vilikuwa vimegandamana na udongo tangu chini hadi karibu na mdomo.

Hapo nikakumbuka nilichokiona utotoni nisikifikirie. Baba alikuwa akilijaza ilungu makaa mpaka juu. Upana ule haukuwa wazi hata siku moja. Upepo ulipenya katikati ya makaa, na vijia vyake vilikuwa vyembamba na vya moto. Mimi nilikuwa nimeiga gamba nikaacha kilichokuwamo. Moto wangu mdogo haukuweza kuijaza dohani, moshi ukapoa njiani, na baridi ikapata nafasi ya kushuka.

Nilibomoa. Nilijaribu nusu shibiri kila upande, moshi ukashindwa kupita wote, ukatoka kwa mbele. Nikabomoa tena. Niliijenga shibiri moja kila upande, nikachoma majani mabichi kwa makusudi. Moshi uliinama kidogo, kama unaofikiri, kisha ukapanda wote. Fransisko alikaa nami chumbani hadi jioni, kisha akasema, "Sasa mwite mtoto."

Nikamwandikia Adela kwamba moshi unapanda. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, mkononi mwa dereva wa lori. Mtoto amepona. Lutengano amefurahi sana, na kwa kuwa nyumba yao nayo ina baridi, amepata fundi wa kuwajengea jiko kama langu. "Dereva atasubiri, baba. Tuandikie upana, ili tusihangaike kusafiri na mtoto."

Nilikaa na kalamu. Ningeandika shibiri mbili, chumba chao kingejaa moshi, na wangehitaji mtu wa kuja kuwaonyesha. Nililiwaza jambo hilo kwa muda ambao sijivunii.

Kisha nikafikiri kwamba hata shibiri si moja kwa watu wote. Mkono wa fundi wao huenda ni mkubwa. Nilikata tete, nikalilaza juu ya kiganja changu kilichotanuka, nikalikata tena kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo. Nikaandika: "Upana ni huu, kila upande. Msizidishe."

Nilimkabidhi dereva tete na barua. Lori lilipoondoka nilirudi ndani. Chumba kilikuwa na joto, na hewa yake ilikuwa safi kabisa.